Zebaki Kinywani: Mizani ya Litembo
Mwaka 1926 mkemia Mjerumani Alfred Stock, aliyeugua kwa mvuke wa zebaki maabarani, alionya dhidi ya kuziba meno kwa amalgamu, ambayo takribani nusu yake ni zebaki. Mataifa mengi yalisita hadi Mkataba wa Minamata wa 2013, uliotaka matumizi yake yapunguzwe. Tanzania nayo imeuridhia. Wenye uwezo hawakungoja: huvuka mipaka kutafuta tiba ya meno isiyo na metali. Mkulima wa kahawa wa Litembo, Mbinga, hutegemea hospitali ya Kanisa iliyo hapo hapo milimani. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu madhara kwa mgonjwa. Nami nashikilia kwamba anachokikimbia tajiri kisiachwe kuwa fungu la maskini. Mkataba huu tuupime Litembo, si ughaibuni.