Nani alipanga bei ya senti 99?

Oktoba 2009 kijana mmoja wa Marekani, Loren Brichter, alitoa toleo jipya la programu yake ya kusomea Twitter kwenye iPhone. Aliliita Tweetie 2. Alikuwa ameiandika upya kuanzia msingi, na bei yake ilikuwa dola 2.99. Waliokuwa na toleo la kwanza, lililotoka mwaka mmoja tu nyuma, walitakiwa walipe tena kama wateja wapya. Kelele zikaanza hapo. Aliambiwa ana tamaa, kwamba mtu akishanunua amenunua, na kwamba maboresho ni haki ya mteja.

Brichter hakuwa mbabaishaji. Aliwahi kufanya kazi Apple kwenye iPhone yenyewe, na ule mtindo wa kuvuta ukurasa chini kwa kidole ili habari mpya ziingie, ambao leo kila mwenye simu janja anaufanya bila kuufikiria, ulitoka kwenye Tweetie. Hata hivyo dola tatu zilionekana nyingi. Watu wale wale waliodai wameibiwa walikuwa wameshika simu ya mamia ya dola. Humpelekei fundi cherehani kitambaa kipya ukamwambia ashone bure kwa sababu mwaka jana ulimlipa, lakini kwa programu za simu hoja hiyo ilisemwa kwa sauti na kuungwa mkono.

Ni rahisi kusema wanunuzi walikuwa bahili. Mimi naona walifundishwa ubahili, na aliyewafundisha ni duka.

Kabla ya iPhone, wenye vifaa vya Palm na simu za Windows Mobile walinunua programu kwa dola 15, 20, hata 30, kupitia maduka ya mtandaoni kama Handango. Soko lilikuwa dogo, na wengi wao walikuwa watu wa maofisini. Mara nyingi mteja aliruhusiwa kuijaribu programu kwa siku kadhaa kabla ya kutoa pesa. Kwenye simu za kawaida waliotawala ni makampuni ya simu, yaliyouza michezo midogo na milio na kujikatia fungu yaliloliona linayafaa.

Kwa hiyo Steve Jobs alipotangaza Machi 2008 kwamba Apple ingefungua duka la programu na kuchukua asilimia 30 tu, huku asilimia 70 ikienda kwa mwandishi, watu walishangilia. Leo asilimia 30 hiyo inatajwa mahakamani kama unyonyaji. Wakati ule ilikuwa nafuu: hakuna kulipia seva, hakuna kuhangaika na kadi za wateja, na mtu aliye chumbani kwake angeweza kuuza kwa dunia nzima.

Duka lilifunguliwa Julai 10, 2008 likiwa na programu zipatazo 500. Mwishoni mwa wiki ya kwanza zilikuwa zimepakuliwa mara milioni 10. Sega waliweka mchezo wao wa Super Monkey Ball kwa dola 9.99, na ndani ya siku 20 wakauza nakala 300,000. Mnunuzi wa siku zile, basi, alikuwa tayari kutoa dola kumi kwa mchezo wa nyani ndani ya mpira. Hakuna aliyejua bei inapaswa kuwa ngapi. Agosti mwaka huo Mjerumani mmoja, Armin Heinrich, aliweka programu iitwayo I Am Rich kwa dola 999.99. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kito chekundu kinachong'aa, basi. Watu wanane waliinunua kabla Apple hawajaiondoa.

Kilichozishusha bei kilikuwa kwenye mpangilio wa duka lenyewe. Orodha ya programu zinazoongoza ilihesabu nakala zilizopakuliwa, bila kujali ziliingiza pesa ngapi. Ukishusha bei unauza nyingi, ukiuza nyingi unapanda kwenye orodha, ukipanda unaonekana, na asiyeonekana hauzi. Bei ya chini kabisa kwa kitu cha kulipia ilikuwa senti 99, ile ile ambayo Apple walikuwa wakiuzia wimbo mmoja tangu 2003, kwa hiyo mteja alikuwa ameshaizoea kidoleni. Duka halikuwa na njia ya kumwonjesha mteja programu kabla ya kulipa. Wala halikuwa na njia ya kumtoza mteja wa zamani nusu bei kwa toleo jipya, na ndiyo maana Brichter alibaki na mambo mawili tu: atoe kazi ya miezi bure, au auze upya na atukanwe.

Mmoja wa waliolisema jambo hili mapema na waziwazi alikuwa Craig Hockenberry, wa kampuni ya Iconfactory iliyotengeneza programu ya Twitterrific. Desemba 2008 alimwandikia Jobs barua ya wazi. Alilalamika kwamba rafu za duka zimejaa programu za senti 99 zisizo na uzito zaidi ya mlio wa simu, na kwamba kwa bei hiyo kampuni kama yake haithubutu kuanza kazi kubwa, maana mishahara ya miezi kadhaa haitarudi. Krismasi ile ile, kana kwamba inamwekea mhuri barua yake, iliyoongoza orodha ilikuwa iFart: programu ya senti 99 ya kutoa sauti za mashuzi.

Walio wajanja walitafuta upenyo. Ethan Nicholas, mhandisi wa Sun Microsystems, alikuwa na mchezo wa vifaru, iShoot, uliokuwa ukisuasua. Januari 2009 akaweka toleo dogo la bure kando ya lile la kulipia. Waliolionja wakanunua lile kubwa, likapanda hadi namba moja, naye akaacha kazi. Apple wakaelewa kwamba bure ni mlango. Oktoba 2009, mwezi ule ule wa ugomvi wa Tweetie 2, waliruhusu programu za bure ziuze vitu ndani yake.

Nadhani hiyo ndiyo tarehe kubwa kuliko zote katika historia hii, ingawa siku ile haikupigiwa ngoma. Tangu hapo bei haikushuka tena. Ilijificha.

Mapema 2011 gazeti la The Washington Post liliandika habari za binti wa miaka 8 wa jimbo la Maryland aliyetumia dola 1,400 kununua matunda ya kuchezea ndani ya Smurfs' Village, mchezo wa bure. Ilibainika kwamba mzazi akishaingiza nywila mara moja, mlango ulibaki wazi dakika 15, na mtoto angeweza kununua atakavyo. Januari 2014 Apple walikubaliana na Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, kuwarudishia wazazi angalau dola milioni 32.5. Mwishoni mwa mwaka huo neno “bure” likaondolewa kwenye kitufe cha duka lao, likawekwa “pata”. Ulikuwa ungamo la kimyakimya.

Mwaka huo huo ulionyesha pia jinsi kazi ya bei ndogo inavyoweza kumezwa na ya bure. Asher Vollmer na Greg Wohlwend walitoa Threes, mchezo wa namba walioupika kwa miezi 14, wakauuza dola 1.99. Wiki chache baadaye kijana wa Kitaliano, Gabriele Cirulli, alitoa 2048, mchezo wa kufanana nao sana alioutengeneza mwishoni mwa wiki moja, akaugawa bure. Dunia ikaucheza huo. Wengi wanaoijua 2048 hawajawahi kulisikia jina la Threes.

Afrika Mashariki mjadala huu ulitufikia kwa pembe nyingine. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya duka la Apple, kwa hiyo kulipa kwa simu tulikujua. Lakini maduka ya programu yalitaka kadi ya benki, na wengi hawakuwa nayo. Programu pekee ya kulipia ambayo karibu kila mtu aliisikia ni WhatsApp, iliyotangaza dola moja kwa mwaka baada ya mwaka wa kwanza. Watumiaji wengi wa Android waliongezewa muda bila kudaiwa, na katika sintofahamu hiyo ukazaliwa ule ujumbe wa uongo uliozunguka miaka mingi: sambaza kwa watu kadhaa la sivyo utaanza kulipia. Januari 2016 WhatsApp walifuta ada hiyo wakitoa sababu ambayo Silicon Valley haikuwa na desturi ya kuitaja, kwamba watumiaji wengi hawana namba ya kadi, na wanaogopa kupotezana na ndugu na marafiki. Lakini kilichowawezesha kuwa wakarimu ni Facebook, iliyoinunua kampuni hiyo miaka miwili kabla kwa dola bilioni 19.

Mwaka 2016 Apple waliwafungulia waandishi wa programu za kila aina malipo ya mwezi kwa mwezi, na kwa mteja anayevuka mwaka mmoja wakapunguza kamisheni hadi asilimia 15. Aliyelalamikia dola tatu za mara moja sasa hulipa dola tatu kila mwezi, na mara nyingi husahau kwamba analipa.

Kisha ugomvi ukahama kwa mnunuzi ukaenda kwa mwenye duka. Agosti 13, 2020 kampuni ya Epic Games iliweka ndani ya mchezo wake wa Fortnite bei mbili upande kwa upande: dola 9.99 ukilipa kupitia Apple, dola 7.99 ukilipa Epic moja kwa moja. Kamisheni ilikuwa imeandikwa kwenye lebo, mteja akaiona. Apple wakauondoa mchezo siku hiyo hiyo. Miezi mitatu baadaye walitangaza asilimia 15 kwa wenye mapato chini ya dola milioni moja kwa mwaka. Katika kesi ya Epic dhidi ya Apple, Jaji Yvonne Gonzalez Rogers aliamuru Septemba 2021 kwamba waandishi waruhusiwe kuwaelekeza wateja nje ya duka. Apple, baada ya rufaa, walitii kwa kutoza asilimia 27 kwa mauzo ya huko nje, hadi Aprili 2025 jaji huyo alipoona ni dharau kwa mahakama na kuwazuia kutoza chochote. Siku chache baadaye programu ya Kindle ikapata kitufe cha kupeleka wasomaji kununua kitabu, kitu ambacho Amazon walikuwa wamekiondoa kwenye iPhone tangu 2011.

Amri hiyo inagusa duka la Marekani peke yake. Anayepakua Mombasa au Mwanza hahusiki nayo. Bei anayoiona yeye imepangwa kwa masharti mengine, na kodi ya ongezeko la thamani imo humo.