Kutoka Jiko la Artane

Asili ya bendi ya U2 ni shule moja, Mount Temple, upande wa kaskazini wa jiji la Dublin. Ilifunguliwa 1972, na katika Ireland ya wakati ule ilikuwa jambo geni: wavulana na wasichana darasa moja, watoto wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti dawati moja. Ireland ya miaka hiyo ilikuwa ya mabomu. Mei 1974 yalilipuka katikati ya Dublin kwenyewe. Ndiyo sababu tarehe ya U2 naianzia shuleni kabla ya kufika kwenye magitaa, maana bila shule ile sioni vijana hawa wanne wangekutana wapi. Paul Hewson baba yake alikuwa Mkatoliki, mama yake Mprotestanti. David Evans alizaliwa Uingereza kwa wazazi Wawelisi. Adam Clayton, naye mzaliwa wa Uingereza, alikuja Mount Temple baada ya kushindwana na shule za bweni za gharama kubwa. Larry Mullen alikuwa kijana Mkatoliki kutoka Artane, mtaa usio mbali na shule.

Larry ndiye aliyeita mkutano. Alikuwa na miaka 14, mdogo kuliko wote wanne, na alikuwa amefundishwa kupiga dramu na mwalimu. Alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo wa shule akitafuta wenzake wa kuunda bendi, na Jumamosi ya tarehe 25 Septemba 1976 waliojibu wakaenda nyumbani kwao Larry. Dramu zilipangwa jikoni. David alikuja na kaka yake Dik, na ndugu hao wawili walikuwa wamewahi kujiundia gitaa kwa mikono yao. Marafiki wawili wa Larry walikuwepo pia, lakini hawakudumu.

Adam alifika na gitaa la besi na koti la Kiafghani alilorudi nalo kutoka safari ya Pakistan. Alizungumza maneno ya wanamuziki kwa ufasaha kiasi kwamba wenzake waliamini anajua kupiga. Hakuwa anajua bado. Paul alikwenda akidhani atapiga gitaa, na ilipodhihirika kwamba David anampita mbali, akaachiwa kuimba.

Jina la kwanza walilojipa ni Feedback, yaani ule mlio mkali unaotoka kwenye spika kipaza sauti kikiwekwa mahali pabaya. Lilikuwa miongoni mwa maneno machache ya ufundi waliyoyafahamu, na mlio wenyewe walikuwa nao kwa wingi. Onyesho lao la kwanza lilikuwa katika ukumbi wa michezo wa shule, mbele ya wanafunzi wenzao, wakipiga nyimbo za watu zilizokuwa zikisikika redioni. Baadaye wakajiita The Hype.

Nyimbo za watu ziliwashinda. Hawakuwa na mikono ya kuziiga sawasawa, na wao wenyewe hawakuwahi kulificha hilo. Basi wakaanza kutunga za kwao, kwa kuwa wimbo wako hakuna atakayekuambia umeukosea. Bahati ikawaangukia: ndiyo miaka panki ilipoingia Dublin, muziki uliosema kwamba kodi tatu za gitaa na ari vinatosha. Oktoba 1977 bendi ya panki The Clash walipiga katika chuo cha Trinity, na vijana wa Mount Temple walikuwa miongoni mwa watazamaji. Siku hiyo waliona kwamba umbali kati ya jukwaa na sakafu si mkubwa kama walivyodhani.

Lakabu nazo zimo katika tarehe. Paul aliitwa Bono na rafiki zake wa mtaani, kwa kufupisha Bonavox, jina la duka la Dublin lililouza vifaa vya kusaidia kusikia. David akaitwa The Edge, na hilo alilipata kwa Bono. Jina la bendi lilitoka kwa Steve Averill, mwimbaji wa The Radiators from Space, ambaye Adam alimwendea kuomba ushauri. Averill aliwapa orodha ya majina sita. Wakachagua U2 kwa sababu ndilo lililowachukiza kidogo kuliko mengine.

Machi 1978 ndio mwezi uliowafanya. Dik, ambaye umri na masomo ya chuo vilimtenga na wenzake, aliagwa kwa onyesho: alishuka jukwaani katikati yake, wakabaki wanne. Baadaye akajiunga na Virgin Prunes, bendi ya rafiki zao wa mtaani. Mwezi huohuo, siku za sikukuu ya Mtakatifu Patrick, wale wanne walisafiri hadi Limerick kushindana na bendi nyingine, wakashinda. Zawadi ilikuwa pauni 500 na nafasi ya kurekodi nyimbo za majaribio mbele ya watu wa kampuni ya santuri ya CBS. Waliingia studio Dublin wakiwa bado wageni wa kila kitu, na kazi ikiwa haijaisha baba yake Larry akaja kumchukua arudi nyumbani, kwa kuwa usiku ulikuwa umekuwa mwingi. Nyimbo zile hazikuwafikisha mbali. Faida ya mwaka ule ikatokea kwingine: Bill Graham, mwandishi wa gazeti la muziki Hot Press, alimshawishi Paul McGuinness akawasikilize. McGuinness alikuwa amefanya kazi katika filamu. Aliwatazama Mei 1978, akakubali kuwa meneja wao.

Kuondoka kwa Dik kuliacha pengo ambalo kila mpenzi wa dansi atalielewa: bendi ilibaki na gitaa moja tu, solo bila rizimu. Naamini nusu ya sauti ya U2 ilizaliwa katika pengo hilo. Mwaka huohuo, katika safari na wazazi wake New York, The Edge alinunua gitaa la Gibson Explorer. Baadaye akapata kifaa cha mwangwi kiitwacho Memory Man. Ukigonga noti moja kifaa kinairudia mara ya pili na ya tatu, na mpigaji akiwahi kuweka noti nyingine kati ya marudio hayo, gitaa moja husikika kama mawili. Kijana aliyekuwa na noti chache akajifunza kuziacha zijibizane.

Katikati ya hayo kulikuwa na msiba. Bono alimpoteza mama yake, Iris, Septemba 1974, akiwa na miaka 14. Mama huyo alianguka kwenye mazishi ya baba yake mzazi na hakupona. Novemba 1978 mama yake Larry alifariki katika ajali ya gari, na Larry alikuwa na miaka 17. Mwimbaji na mpiga dramu wakawa mayatima wa upande mmoja. Sauti ile ya Bono inayoita kama mtu aliyepotezana na mwenzake sokoni, mimi siwezi kuisikiliza bila kuwakumbuka wanawake hao wawili.

Wazazi waliobaki walikuwa na subira. Wa The Edge walimruhusu aahirishe chuo mwaka mmoja ili ajaribu bahati. Mwaka huo, 1979, vijana walipiga mchana katika soko la Dandelion, ambako hata watoto wasioruhusiwa kuingia baa waliweza kuwatazama. Septemba ikatoka santuri yao ya kwanza, Three, nyimbo tatu, kwa Ireland peke yake, nakala 1,000 za mwanzo zikiwa na namba. Wasikilizaji wa kipindi cha redio cha Dave Fanning ndio waliochagua wimbo wa kutangulia. Februari 1980 walithubutu kupiga katika National Stadium ya Dublin, ukumbi wa ndondi, na mwezi uliofuata Island Records wakawapa mkataba.

Albamu yao ya kwanza waliirekodi Windmill Lane, Dublin, kiangazi cha mwaka huo, na Steve Lillywhite akiwa mtayarishaji. Kwa wimbo wa I Will Follow, ambao Bono aliutunga kwa ajili ya mama yake, walizungusha gurudumu la baiskeli na kuvunja chupa ili kupata milio waliyoitaka. Dramu za Larry Lillywhite aliziweka nje ya chumba cha kurekodia, mapokezini, penye ngazi, kwa sababu mwangwi wa pale ulimpendeza. Lakini mapokezini kulikuwa na simu, nayo ililia mchana kutwa. Ikabidi wangoje jioni, mhudumu afunge kazi na simu inyamaze, ndipo Larry akae kwenye dramu zake kama alivyokaa jikoni kwao miaka minne nyuma.

Waliiita Boy, na kwenye jalada wakaweka picha ya mtoto wa mtaa wa akina Bono, Peter Rowen. Ilitoka tarehe 20 Oktoba 1980. Bono na Adam walikuwa na miaka 20, The Edge 19, na Larry alikuwa amebakiza siku 11 atimize miaka 19.