Shule ya Nyumbani Isiyokaa Nyumbani

Katikati ya Februari 1994 simu za Bunge la Marekani mjini Washington zilielemewa. Kwa siku kadhaa makarani wa wabunge walishinda wakipokea simu, na wengi wa waliopiga walikuwa akina mama wanaofundisha watoto wao wenyewe kwenye meza ya kulia chakula. Kilichowachokoza kilikuwa kifungu kifupi ndani ya mswada wa elimu ulioitwa H.R. 6. Mbunge George Miller wa California alikuwa amependekeza walimu wawe na cheti cha somo wanalofundisha. Miller alisema hakuwalenga wazazi hao. Wanasheria wa HSLDA, chama kinachowatetea, walikisoma kifungu kwa namna nyingine. Tarehe 24 Februari Bunge la Wawakilishi lilikifuta kwa kura 424 dhidi ya moja, na hiyo moja ilikuwa ya Miller mwenyewe.

Wanasiasa walibaki wakijiuliza jeshi hilo lilitoka wapi. Halikuwa limejificha. Ujumbe ulitoka HSLDA kwa faksi kwenda kwa viongozi wa majimbo, wao wakawaarifu viongozi wa vikundi vidogo, na kila kiongozi wa kikundi akafungua daftari lake na kuwapigia akina mama wachache, ambao nao waliwapigia wenzao. Mnyororo huo wa simu haukutengenezwa kwa ajili ya siasa. Siku za kawaida ulitumika kuarifiana kwamba ziara ya makumbusho imeahirishwa, au kwamba mama fulani amejifungua na wiki hii anahitaji kupelekewa chakula.

Habari za familia hizi husimuliwa mara nyingi kana kwamba kila moja ilijifungia ndani na kupambana na serikali kivyake. Ukifuatilia mambo yalivyokwenda, utakuta nyumba moja isingefika mbali. Waliotoka shuleni walianza mara moja kutafutana, na walipopatana walianza kujenga upya, kipande baada ya kipande, sehemu kubwa ya kile walichokiacha.

Wa kwanza kutangaza wazo lenyewe la kufundisha watoto nyumbani hawakuwa wahubiri. John Holt, mwalimu aliyekata tamaa na shule za Marekani, alianzisha mjini Boston mwaka 1977 jarida dogo la Growing Without Schooling, na wasomaji wake wengi walikuwa watu wa mrengo wa kushoto waliopenda mtoto aachwe ajifunze kwa hiari yake. Upande wa Wakristo mlango ulifunguliwa na Raymond na Dorothy Moore, mtu na mkewe, Waadventista Wasabato, ambao kitabu chao cha 1975, Better Late Than Early, kilidai kwamba watoto wanapelekwa darasani wakiwa wachanga mno. James Dobson, mwanasaikolojia mwenye kipindi cha redio kilichosikilizwa na wainjilisti nchi nzima, alipomkaribisha Moore kwenye kipindi hicho, wazo lilivuka kutoka kwa wachache hadi kwenye majiko ya waumini. Wengi wao walikuwa tayari na kinyongo na shule za umma tangu Mahakama ya Juu ilipopiga marufuku sala na usomaji wa Biblia unaoongozwa na shule, mwaka 1962 na 1963.

Katika miaka ya 1970 watoto wote waliokuwa wakisomea nyumbani Marekani walikadiriwa kuwa kati ya 10,000 na 15,000 tu. Katika majimbo mengi sheria ilikuwa dhidi yao au haikueleweka. Wazee wa harakati hiyo wanakumbuka jinsi watoto walivyokatazwa kutoka nje kabla ya saa tisa alasiri, shule za mtaa zilipofunga, jirani asije akawaona na kupiga simu kwa maofisa.

Shida ya pili ilikuwa vitabu. Wachapishaji wa vitabu vya kiada walizoea kuuzia shule, na baadhi yao walikataa kumuuzia mzazi mmoja mmoja, hasa kitabu cha mwalimu chenye majibu. Wachapishaji wa Kikristo, A Beka wa Pensacola na Bob Jones wa South Carolina, walikuwa wameanza miaka ya 1970 kwa ajili ya shule za makanisa. Kwa hiyo kitabu kilipopatikana kilizunguka. Kaka akikimaliza anakirithi mdogo wake, kisha kinakwenda kwa familia nyingine ya kikundi, na mwisho kinafika kwenye meza za mauzo ya vitabu vilivyotumika, ambayo kila mwaka, msimu wa joto unapoingia, yalijaza kumbi za makanisa. Vitabu vya hesabu vya John Saxon, mwanajeshi mstaafu wa anga kutoka Oklahoma, vilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotafutwa sana kwenye meza hizo. Mama aliyefika kwa mara ya kwanza aliondoka na kitu ambacho hakukilipia: ushauri wa mwenzake kwamba kitabu hiki kinamfaa mtoto mwepesi wa kusoma, na kile kitamliza.

Ushauri huo baadaye ulichapwa. Jarida la The Teaching Home, lililotoka Portland, Oregon, liliacha nafasi ndani yake kwa habari za vyama vya majimbo, hivyo msomaji alipata makala za nchi nzima na matangazo ya jimboni kwake katika bahasha moja. Mwaka 1986 Mary Pride alitoa The Big Book of Home Learning, kitabu kinene kilichopima vitabu vingine, somo kwa somo, kwa lugha ya kuchekesha isiyoogopa kusema kitu kibovu ni kibovu.

Ila kitabu hakipasui chura. Watoto walipofikia umri wa biolojia, kemia na lugha za kigeni, mzazi aliyesomea uhasibu au asiyemaliza chuo alijikuta ukingoni mwa uwezo wake. Hapo vikazaliwa vikundi vya kufundishana. Familia kumi, ishirini au zaidi hukutana siku moja kwa wiki katika ukumbi wa kanisa, katika vyumba ambavyo Jumapili ni vya shule ya Jumapili na siku nyingine ni vitupu. Mama aliyekuwa muuguzi anafundisha biolojia, mwenzake aliyeishi Mexico anafundisha Kihispania, na baba mwenye karakana anafundisha useremala akipata nafasi. Hadubini inanunuliwa moja na wote wanachangia. Asiyefundisha anashika zamu ya kulea wachanga, kupanga viti au kufagia baada ya chakula. Huko Texas, Jessica Hulcy na Carole Thaxton walitunga mtaala ulioitwa KONOS, uliopanga masomo kwa tabia njema, kama utii au uvumilivu, na uliofaa kufundishwa na familia kadhaa pamoja. Watoto walijenga sikio kubwa la kutambaa ndani yake ili kujifunza jinsi mtu anavyosikia, na kazi kama hiyo haimfai mama aliye peke yake sebuleni.

Ulinzi wa kisheria nao uliwekwa kwenye mfuko wa pamoja. Mwaka 1983 wanasheria wawili waliokuwa wakifundisha watoto wao nyumbani, Michael Farris na J. Michael Smith, walianzisha HSLDA. Kila familia ililipa dola 100 kwa mwaka, na iliyofikishwa mahakamani ilitetewa bila kudaiwa gharama za wakili. Mswahili anayekijua chama cha kufa na kuzikana atauelewa mpango huo bila maelezo: wengi wanatoa kidogo, wachache wanapatwa, na hakuna anayeomba apatwe yeye.

Mambo yalisogea jimbo kwa jimbo. Huko Texas familia kadhaa zilifungua kesi mwaka 1985 dhidi ya wilaya za shule, kesi iliyofahamika kama Leeper na iliyogusa wilaya zaidi ya 1,000. Mwaka uliofuata, bodi ya elimu ya jimbo ilipoita kikao cha kusikiliza maoni mjini Austin, walifika maelfu ya wazazi wakiwa na watoto wao. Hakimu aliamua kwa upande wao mwaka 1987, na Mahakama ya Juu ya Texas ikathibitisha mwaka 1994. Michigan ilikuwa miongoni mwa majimbo ya mwisho. Mei 1993 mahakama yake ya juu ilisema jimbo haliwezi kuilazimisha familia inayofundisha kwa sababu za imani iwe na mwalimu mwenye cheti cha serikali. Kufikia wakati huo jambo hili lilikuwa halali katika majimbo yote 50.

Ushirika huo, hata hivyo, ulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na bawabu. Vikundi vingi vilimtaka kiongozi, na wakati mwingine kila mwanachama, atie saini tamko la imani lililoandikwa kwa lugha ya Kiprotestanti cha kiinjilisti. Mkatoliki, Mmormoni au asiye na dini angeweza kununua kitabu kwenye meza ya mauzo, lakini mara nyingi hakuruhusiwa kufundisha. Wakatoliki walijijengea vyao, wakitegemea shule ya masomo kwa posta ya Seton huko Virginia, iliyoanza mwaka 1980. Mwanasosholojia Mitchell Stevens, katika kitabu chake cha 2001, Kingdom of Children, alionyesha kwamba wainjilisti waliwashinda wafuasi wa Holt kwa mpangilio. Walizoea kanisani kwamba kuna anayeongoza na wanaofuata, wakati wale wengine walitaka kila jambo lijadiliwe na wote. Huo ndio uliokuwa uwezo wao wa kujaza simu za Bunge kwa siku chache, na bila shaka ndio uliowafanya waonekane kuwa wamiliki wa harakati ambayo hawakuianza.

Kuna jambo jingine lisilosemwa vya kutosha. Majina kwenye barua za vyama yalikuwa ya wanaume, lakini orodha za simu, zamu, meza za vitabu na masomo yenyewe yalibebwa na wanawake wasiolipwa. Uchovu wa akina mama ulikuwa mada ya kudumu kwenye mikutano ya majimbo, na dawa iliyotolewa kwa kawaida ilikuwa sala na ratiba bora.

Wazo la kupeleka masomo nyumbani lilikuwa limepita Afrika Mashariki zamani. Mwaka 1906 shule ya Calvert ya Baltimore ilianza kuuza masomo kwa posta, nayo yakatumiwa na wanadiplomasia na wamisionari walioishi mbali na shule. Mwaka huohuo wamisionari wa Africa Inland Mission walianzisha shule ya bweni ya Rift Valley Academy huko Kijabe, Kenya. Mmisionari aliyekuwa porini alikuwa na njia mbili: kumpeleka mtoto bweni, au kusubiri sanduku la vitabu. Sonlight, mtaala wa hadithi na vitabu vya kusoma kwa sauti ulioanzishwa Colorado mwaka 1990, ulitungwa kwanza kwa ajili ya wamisionari hao. Leo vijitabu vya Accelerated Christian Education, kampuni iliyoanzishwa Texas, hutumiwa na shule za Kikristo Kenya na pia na familia zinazofundisha nyumbani, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule.

Huko Marekani ushirika ulianza kugeuka biashara. Mwaka 1997 Leigh Bortins wa North Carolina alikusanya wanafunzi 11 nyumbani kwake, na kutoka hapo ikakua Classical Conversations, kampuni ambayo jumuiya zake hukutana mara moja kwa wiki, mara nyingi makanisani, kwa mtaala mmoja, ada maalumu na wakurugenzi wenye mikataba. Mama aliyechoka kubuni kila kitu mwenyewe alipata siku iliyokwisha kupangwa. Alichopoteza ni sauti yake katika kupanga. Kwa mtazamaji wa nje, tofauti kati ya hapo na shule ndogo ya binafsi inahitaji miwani.

Hata michezo na midahalo ilirudi. HSLDA ilianzisha ligi ya midahalo mwaka 1996, wazazi wakiwa waamuzi. Florida iliruhusu mwaka huohuo watoto wa nyumbani kuchezea timu za shule za umma, na Tim Tebow, mtoto wa wamisionari, akapitia mlango huo hadi kushinda tuzo ya Heisman ya mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu mwaka 2007.

Waliokulia ndani ya kumbi hizo za makanisa wakawa watu wazima, na baadhi yao hawakuwa na sifa za kutoa. Mwaka 2013 walianzisha Coalition for Responsible Home Education, wakidai usimamizi wa serikali ili mtoto anayeteswa au asiyefundishwa aonekane na mtu wa nje. Hoja yao iliuma kwa sababu ilitoka ndani: kikundi ambacho wote wamesaini tamko moja huona vigumu kumshuku mmoja wao. Mwaka 2014 Farris mwenyewe aliandika kuwapinga waziwazi viongozi waliokuwa wakihubiri utawala wa baba usio na mipaka. Wakosoaji wake walisema amechelewa.

Sura ya harakati nayo ilibadilika. Eric na Joyce Burges wa Baton Rouge, Louisiana, walikuwa wameanzisha National Black Home Educators mwaka 2000, kwa sababu kwenye mikutano mikubwa familia za Weusi zilikuwa chache. Janga la korona lilipofunga shule, Ofisi ya Sensa ilikuta kaya za Weusi zinazofundisha nyumbani zimepanda kutoka asilimia 3.3 katika majira ya kuchipua ya 2020 hadi 16.1 katika majira ya vuli. Kwa kaya zote zenye watoto wa umri wa shule ilikuwa kutoka 5.4 hadi 11.1.

Sasa ubishi mkubwa ni wa fedha. Arizona ilifungua mwaka 2022 akaunti za elimu kwa kila mtoto, takriban dola 7,000, kwa mzazi ambaye mtoto wake hasomi shule ya umma. Texas ilipitisha mwaka 2025 sheria ya kumpa mtoto anayesomea nyumbani hadi dola 2,000 kwa mwaka. Chama kikubwa cha Texas cha wazazi wanaofundisha nyumbani kiliunga mkono, huku wengine wakionya kwamba anayelipa ada ndiye atakayetaka kukagua daftari. Kwenye vikundi vidogo swali limekuwa la kawaida zaidi: kama kila familia ina fedha za kumlipa mwalimu wa kemia, nani atakubali kushika zamu ya wachanga?