Thamani ya Orofa ya Binti katika Nyumba za Mawe za Lamu

Katika mji wa Lamu, hasa upande wa Mkomani walikokaa waungwana, binti aliolewa akabaki kwao; mume ndiye aliyehama. Baba mwenye uwezo alimjengea mwanawe nyumba kando ya ile ya zamani, na aliyekosa uwanja aliongeza orofa juu ya dari yake. Pale ambapo njia nyembamba ilitenga nyumba mbili za jamaa, chumba kiitwacho wikio kilijengwa juu ya njia ili wanawake wapite bila kushuka barabarani. Usam Ghaidan katika kitabu chake cha 1975, na baada yake James de Vere Allen na Linda Donley, wameeleza kwa makini mpango wa vyumba na maana yake kwa jamii. Swali la thamani ni jingine: siku baba anapofariki, orofa ile ni ya nani, nayo itahesabiwaje?

Uzito wa swali hilo unatokana na mirathi. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike fungu moja. Ikiwa orofa ni mali ya marehemu, itakadiriwa pamoja na nyumba nzima, na ndugu wa kiume, ambao kwa desturi wamekwisha kwenda kukaa kwa wake zao, waweza kudai iuzwe. Binti hupoteza makao pale pale alipozaliwa. Ikiwa baba alimpa kwa hiba akiwa hai, naye akaipokea, orofa haimo katika urithi. Ndiyo sababu hiba na wakfu zilikuwa ngao za wanawake wa pwani, na wale wanaosema kwamba sheria ya dini iliwanyima nyumba hawajatazama upande huu.

Lakini je, orofa yaweza kumilikiwa peke yake? Fikihi ya Kishafii ilikwisha kujibu. Kitabu cha Minhaj cha Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13, ambacho makadhi wa pwani walikitegemea, kinaruhusu kuuza haki ya kujenga juu ya jengo la mwingine, mapatano yenye sura ya uuzaji na ya upangishaji kwa pamoja. Ukuta wa chini ukianguka kisha mwenyewe akaujenga upya, wa juu ana haki ya kurudisha jengo lake. Hata hivyo, kwa kauli yenye nguvu zaidi, mshirika hashurutishwi kujenga. Basi thamani ya juu huning'inia katika hiari ya wa chini. Mthamini anayehesabu misana tu, bila kuuliza ukuta ni wa nani, amekadiria nusu ya jambo. Hesabu yenyewe ya misana haidanganyi sana, kwa kuwa upana wa kila msana huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, na kwa hiyo vyumba hufanana kutoka nyumba hadi nyumba.

Utawala wa Kiingereza ulileta macho mengine. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mdai wa pwani athibitishe haki yake, na ramani ya mpimaji huonyesha kiwanja, haionyeshi dari. Mombasa desturi ya nyumba bila ardhi iliendelea kuishi, ushahidi kwamba mawazo ya wenyeji hayakufutika. Mwaka wa 1907 utumwa ulifutwa, na vyumba vya chini, ambavyo katika nyumba nyingi vilikuwa vya watumwa na ghala, vikabadilika matumizi. Wakfu nao ulitikisika: katika shauri la Kenya lililochapwa katika taarifa za 1952, mahakama ya juu ya rufaa mjini London ilifuata uamuzi wake wa 1894 kuhusu Bara Hindi na kuukataa wakfu wa jamaa. Sheria ya Kenya ya 1951 ilikuwa imetamka kinyume, kwamba wakfu huo ni halali maadamu mwisho wake ni maskini au kheri ya kudumu.

Msomaji wa Kongo atalielewa jambo hili kwa urahisi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 imeiachia Dola ardhi yote, na mwenye nyumba hana ila haki ya matumizi pamoja na jengo lake. Kutenga jengo na udongo si ajabu kwake.

Siku hizi bei imekuwa kubwa. Siravo na Pulver walitoa mpango wa kuhifadhi mji mwaka 1986, UNESCO ikauandikisha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni wa Ulaya wamenunua nyumba nyingi Lamu na Shela. Mnunuzi wa namna hiyo hutaka nyumba nzima, na binti wa orofani huwa kizuizi cha biashara. Sheria ya Kenya ya 1987 kuhusu majengo ya sehemu, iliyobadilishwa na nyingine mwaka 2020, inaruhusu hati ya orofa moja, lakini inadai kwanza ardhi iliyosajiliwa na ramani ya sehemu. Wikio halina ardhi hata shibiri moja: ukuta wake wa kushoto ni wa nyumba hii, wa kulia ni wa nyumba ile, na chini yake wanapita watu na punda.