Mlandege ya Mlimani: Mji, Reli na Barabara

Mzanzibari akilisikia jina la Mlandege, fikira zake humpeleka Darajani na maduka ya Ng'ambo. Lakini iko Mlandege nyingine, mbali na harufu ya bahari, katika mji wa Iringa uliokaa juu ya kilima, huku mto Ruaha Mdogo ukipita chini yake. Ni mtaa wa soko na wachuuzi. Historia ya biashara yake haianzii sokoni bali njiani, nayo ni historia ya njia zilizoukaribia mji huo na zilizoupa mgongo.

Iringa haikuzaliwa kwa ajili ya biashara. Jina lenyewe latokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Wajerumani waliiangusha ngome ya Mkwawa huko Kalenga mwezi Oktoba 1894, na walipojenga mji mpya mwaka 1896 walichagua kilima kwa sababu ya ulinzi. Mahali panapomfaa askari si lazima pamfae tajiri.

Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Watu wa pwani wanaijua maana yake, kwani ndiyo iliyoizima Bagamoyo, lango la misafara, ikabaki na nyumba zake za mawe na kumbukumbu zake. Iringa nayo ilikuwa kilomita 260 hivi kusini ya Dodoma. Gunia la mahindi likisafiri masafa hayo kabla ya kuliona behewa, uchukuzi huila bei yake njiani. Dhahabu haina taabu hiyo, maana ni nyepesi kwa uzito na nzito kwa thamani. Ndiyo maana mji wa Mbeya uliweza kuasisiwa mwaka 1927, enzi ya dhahabu ya Lupa, ingawa reli ilikuwa mbali zaidi.

Njia kubwa za kusini zilikuja kwa haja ya jirani. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikahitaji mlango mwingine wa shaba na mafuta. Bomba la mafuta likakamilika mwaka 1968, barabara kuu ikatiwa lami, na kati ya mwaka 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860, kwa mkopo wa China usio na riba.

Hata hivyo, reli hiyo ilipita bonde la Kilombero na Mlimba, ikapanda hadi Makambako. Iringa ikapitwa mara ya pili. Makambako, inapokutana reli na barabara kuu na ile ya Njombe na Songea, ikawa mji wa biashara. Kiwanda cha karatasi nacho kikawekwa Mgololo, karibu na reli na misitu ya Mufindi.

Barabara kuu ndiyo iliyoikaribia Iringa, lakini nayo hupita Ipogolo, chini ya kilima. Dereva wa lori aendaye Tunduma hana haja ya kupanda mlimani. Kwa hiyo soko la Mlandege halikulelewa na msafiri wa mbali. Limelelewa na mkulima na mchuuzi wa vijiji vya jirani, ambao njia yao ni ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Lami ya kwenda Dodoma ilipozinduliwa mwaka 2018, mji ukawa makutano ya barabara kuu mbili za lami.

Wahenga walisema penye nia pana njia. Katika biashara, aghalabu mambo hugeuka: penye njia ndipo nia hupata nguvu. Lakini si kila njia. Ile ipitayo tu humwachia mwenyeji vumbi na mngurumo. Riziki huachwa na ile inayosimama, ikashusha mzigo na kupakia mwingine. Basi anayepima maendeleo ya nyanda hizo asihesabu kilomita za lami peke yake. Aulize pia gunia la mahindi hutumia siku ngapi kutoka shambani hadi sokoni.