Vipimo vya Ziwa

Mwanafunzi wa Mwanza anayeandika katika ripoti yake ya maabara kwamba maji yalichemka kwenye nyuzijoto 100 amejifichua mwenyewe: hakusoma kipimajoto, amenakili kitabu. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji safi katika chombo kilicho wazi huchemka yakifika nyuzi 96 hivi. Mwalimu makini akiiona ile 100 anajua hapo hapo kwamba data zimepikwa.

Kwa tofauti hiyo ya nyuzi chache ndivyo mvumbuzi John Hanning Speke alivyopima kimo cha ziwa hili. Alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, mwenzake Richard Burton akiwa amebaki mgonjwa Kaze, jirani na Tabora ya leo. Vifaa vyake vilikuwa haba. Alichemsha maji, akasoma kipimajoto, akakokotoa, na jibu alilolipata halikuwa mbali na la leo. Sehemu hiyo ya taarifa yake haina doa: kifaa kimetajwa, namba ipo, mwenye shaka na arudie.

Iliyofuata haikuwa hivyo. Speke alikaa ufukweni siku chache tu, ng'ambo hakuiona, na habari za urefu wa ziwa kuelekea kaskazini alizipata kwa kuulizia. Hata hivyo alirudi kwa Burton akitangaza kwamba amepata chanzo cha Nile. Burton alitaka ushahidi, na ushahidi haukuwepo. Hata Speke alipokuja tena na kuuona mto ukitoka ziwani, pale Jinja ya leo, tarehe 28 Julai 1862, hakuufuata mfululizo hadi chini, na wapinzani wake wakapata pa kushika. Alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wake na Burton huko Bath, Uingereza. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley aliondoka Kageyi, si mbali na Mwanza, akalizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice, na hitimisho la Speke likasimama. Kwa miaka yote hiyo Speke alikuwa amesema kweli bila kuwapa wengine njia ya kuihakiki. Mtahini yeyote wa leo angemkata alama kwa sababu hiyo hiyo, na angekuwa na haki.

Baadaye vipimo viligeukia samaki. Ripoti ya kwanza kubwa kuhusu samaki wa ziwa hili ni ya Michael Graham, aliyefanya utafiti mwaka 1927 na 1928 na kuuchapisha mwaka 1929. Swali lake lilikuwa finyu na la wazi: kwa nini ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, anapungua? Alitega nyavu za matundu tofauti, akapima samaki walionaswa katika kila moja, akashauri kwamba nyavu za matundu chini ya inchi 5 zipigwe marufuku. Ukubwa wa tundu la wavu, jambo ambalo mvuvi analipima kwa vidole vyake, ukawa msingi wa sheria. Graham aliongeza onyo: kuleta ziwani samaki mkubwa mla samaki kutoka kwingine, bila kwanza kuchunguza kwa kina matokeo yake, kungekuwa hatari kubwa sana. Onyo hilo halikufuatwa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara, samaki mkubwa mla samaki wa aina ile ile aliyoionya, alipandwa ziwani upande wa kaskazini.

Mwaka 1977 wanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi katika Ghuba ya Mwanza kwa jina la HEST, kikundi cha kuchunguza ikolojia ya furu. Furu ni samaki wadogo ambao wakati huo walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ziwani, na spishi zao zilihesabiwa kwa mamia. Kazi yenyewe ilihitaji uvumilivu. Watafiti walichagua mstari unaokatiza ghuba kuanzia upande wa Butimba, wakaburuta wavu katika vituo vile vile mara kwa mara, wakiandika tarehe, kina na kilichopatikana. Samaki waliochukuliwa walihifadhiwa kwenye chupa, kila chupa na kikaratasi chake. Mwaka 1985 spishi moja kati ya hizo ilielezwa kisayansi na kupewa jina la Haplochromis nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere.

Miaka hiyo hiyo sangara walifurika ghubani. Nyavu zilizokuwa zikipanda zimejaa furu zikaanza kupanda na sangara, na furu wa aina nyingi hawakuonekana kabisa. Hapa ndipo mstari wa Butimba ulipoonyesha thamani yake. Wavuvi wote wa Mwanza walijua kwamba furu wameadimika, lakini Frans Witte na wenzake wa HEST waliweza mwaka 1992 kuchapisha ni spishi zipi, wapi, kwa kina gani na kuanzia lini, kwa sababu waliendelea kuandika hata siku ambazo jibu lilikuwa sifuri.

Sangara hakuwa peke yake. Ole Seehausen, wakati huo mwanafunzi wa udaktari, alipima uangavu wa maji kwa kisahani cha Secchi, ambacho hushushwa kwa kamba mpaka kisionekane. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kisahani kama hicho kilionekana hadi mita 7 au 8 katika maji ya katikati ya ziwa. Kufikia miaka ya 1990 kilipotea kabla ya kufika mita 3. Seehausen alishuku kwamba maji hayo yaliyopoteza uangavu yanawapotosha furu wanapotafuta wenza. Akawaweka kwenye matangi. Chini ya mwanga mweupe majike walichagua madume wa spishi yao; chini ya mwanga uliofuta tofauti ya rangi nyekundu na buluu, walichanganya. Matokeo yalitoka katika jarida la Science mwaka 1997.

Baadaye furu wachache walianza kurudi, mmojawapo akiwa Haplochromis pyrrhocephalus. Vielelezo vya zamani vilitolewa chupani, vikaratasi vyao vikasomwa, matamvua yakapimwa na kulinganishwa na ya waliorudi. Kwa muda wa miaka kama 20 tu, eneo la matamvua lilikuwa limeongezeka kwa asilimia 64, dalili kwamba samaki hawa walibadilika kwa kuishi katika maji yaliyopungukiwa oksijeni.