Kamĩrĩĩthũ na Suala la Utunzi

Aghalabu wahakiki wa Ngaahika Ndeenda huwataja Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kana kwamba tamthilia hiyo ilikamilika mezani pao. Historia ya Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha Limuru, yapinga dhana hiyo. Kituo cha jumuiya kilichoanza mwaka 1976 kilitanguliza kisomo cha watu wazima, mchezo ulifuata. Rasimu iliposomwa hadharani, wakulima na vibarua waliirekebisha: wazee walisahihisha lugha na nyimbo, wafanyakazi wa viwandani wakaeleza ujira na machovu yao. Kimani Gecau aliongoza mazoezi, na wanakijiji wakajijengea ukumbi usio na paa, wa watu wapatao 2,000. Huo, hasa, ndio utunzi.

Serikali ilifuta kibali Novemba 1977, ikamtia Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini mwezi uliofuata. Yamkini watawala waliuelewa utunzi huo kuliko wahakiki, kwani Machi 1982 polisi waliubomoa ukumbi wenyewe. Kitabu kilikuwa kimekwisha kuchapishwa mwaka 1980, kikiwa na majina mawili tu jaladani.